Dakika Tano za Kungoja Birika



Kila siku, saa kumi ya alasiri, mke wangu huweka maji juu ya mbabula, kisha hutoa kabatini birika lake la udongo, lile ambalo mkono wake ulivunjika ukafungwa kwa waya. Wajukuu wetu wakiliona birika hilo wanajua kwamba kazi imesimama kidogo. Mwenye kusoma hufunga kitabu, mwenye kufua huanika nguo ya mwisho, nami naweka chini kalamu yangu. Twaketi. Majani ya chai hutiwa maji, kifuniko hufungwa, na hapo hapana ruhusa ya kumimina mpaka dakika tano zimekwisha. Wageni wengine hucheka wakiona watu wazima wamekaa mbele ya birika kama watu wanaongoja barua. Basi leo nataka kueleza sababu ya dakika hizo tano, kwa maana katika nyumba yetu zimefanya kazi ambayo maneno yangu mengi hayakuweza kuifanya.

Nilizaliwa mwaka 1959 katika milima ya Bushi, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu. Baba yangu alikuwa mchumaji katika shamba kubwa la chai. Kabla jua halijatoka alikwisha kushika njia, kapu mgongoni na koti kuukuu mwilini, maana asubuhi kwetu milimani umande hulowesha mtu kama mvua. Kazi yake ilikuwa kuchuma kichipukizi cha juu pamoja na majani mawili yaliyo chini yake, wala si zaidi. Jani la tatu ni gumu na linaharibu chai. Msimamizi akilikuta katika kapu alilitupa, na uzito wake ukaondolewa katika hesabu. Baada ya siku saba, au kumi, au hata kumi na nne wakati wa kiangazi, wachumaji walirudi katika mstari uleule, kwa sababu mti wa chai ukichumwa huchipua tena. Jioni majani yalipimwa kwenye mizani, na mtu alilipwa kwa kilo.

Baba aliporudi nyumbani, koti lake lilikuwa na harufu ya majani yaliyonyauka. Harufu hiyo ni vigumu kuieleza kwa mtu asiyeijua: kidogo ni ya nyasi zilizokatwa, kidogo ni ya tunda linaloanza kuiva. Mimi na mdogo wangu tuligombea kumvua koti, tukajifunika nalo mbele ya moto.

Lakini chai yenyewe haikunywewa kwetu ila siku kuu. Mama alinunua sokoni vumbi jeusi lililofungwa katika kipande cha gazeti, akalitia katika sufuria pamoja na maji na sukari, akalichemsha kwa muda mrefu mpaka likawa jeusi kama wino. Tuliinywa kwa furaha kubwa, kwa maana sukari ilikuwa adimu. Siku moja, nikiwa na miaka kumi hivi, nilimwuliza Baba: “Majani yale unayochuma wewe yanakwenda wapi?” Akajibu: “Yanakwenda kwa watu wenye nafasi ya kuyangoja.” Akatueleza kwamba aliwahi kutumwa kupeleka kuni katika nyumba ya bwana wa shamba, akamwona mama wa nyumba ile ameketi mbele ya birika, anaitazama saa yake, wala hamimini. Jambo hilo lilimshangaza Baba kuliko motokaa na kuliko redio. “Chai iko tayari mbele yake,” alisema, “naye anaingoja!” Kisha akacheka. Sisi pia tulicheka.

Baba alichuma majani zaidi ya miaka ishirini. Nadhani hakupata kunywa hata kikombe kimoja cha chai iliyotengenezwa kama inavyopasa.

Nilipokuwa katika shule ya sekondari, mwalimu wetu alitupeleka kukitazama kiwanda cha chai. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jani lenyewe limekwisha kungoja mara nyingi kabla ya kufika katika kikombe. Kwanza hutandazwa juu ya nyavu ndefu zenye kupitisha hewa, likae usiku mzima linyauke na kulegea. Kisha hupita katika mashine ya kulifikicha mpaka utomvu utoke. Halafu huachwa tena, saa moja au mbili au zaidi, na machoni pa mtu hugeuka kutoka rangi ya kijani kuwa nyekundu kama shaba. Watu husema kwamba chai inachachuka, lakini huko si kuchachuka kama kwa pombe ya ndizi. Ni hewa tu inayougeuza utomvu wa jani, kama inavyogeuza rangi ya ndizi iliyomenywa. Mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto, huchekechwa, na kufungwa. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Siku ile nilihesabu makapu ya Baba katika akili yangu, nikanyamaza.

Tulijifunza pia kwamba chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika mti mmoja. Jani likikaushwa mapema, kabla halijageuka, linabaki kijani. Likiachwa ligeuke, linakuwa jeusi. Mti wenyewe asili yake ni nchi za Uchina na mipaka yake na Uhindi na Burma. Huku kwetu Afrika ni mgeni wa juzi: huko Limuru, Kenya, ulipandwa mwaka 1903, kwa jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1952, nasi katika Kivu tuliupata siku za Wabelgiji. Unapenda milima yenye mvua nyingi, udongo mchachu na hewa ya baridi, na vyote hivyo Mungu ametupa bila kupima.

Mwalimu alituonyesha vyekecheo, kimoja juu ya kingine. Juu hubaki vipande vikubwa vya jani, chini hubaki vipande vidogo, na chini kabisa huanguka vumbi. Yaliyo bora yalitiwa katika masanduku ya mbao nyembamba yenye karatasi ya madini ndani, yakaandikwa majina ya miji ya ng'ambo. Nilipoliona vumbi, nililijua mara moja: ndilo lile la gazeti la Mama. Nisikosee hapa, wasomaji. Vumbi la chai ni chai. Lina nguvu, linatoa rangi upesi, na si aibu kulinywa. Lakini yule aliyechuma jani zima alipaswa angalau kujua ladha yake.

Siku zikabadilika. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Shamba la Baba nalo likapata mkuu mpya, kisha mwingine. Mishahara ikachelewa, mashine zikaharibika, hakuna aliyezitengeneza. Baba akarudi nyumbani na miche ya chai ndani ya kapu lake, akaipanda kwenye ukingo wa shamba letu, mistari minne. Majirani walimcheka, kwa maana chai hailiwi. Yeye alijibu kwamba mikono yake haijui kazi nyingine. Alikata vichwa vya miti kila baada ya miaka mitatu minne, kama alivyofundishwa, ibaki mifupi na kuchipua vema. Vita vya mwaka 1996 vilipokuja, tulikimbia. Tuliporudi, mashamba mengi ya chai ya milimani yalikuwa yameachwa, na miti iliyokuwa inafika kiunoni imekwisha kuwa mirefu kuliko mtu. Ya Baba pia. Naye hakuwa tena na nguvu za kuikata. Akafa mwaka 2004.

Sasa nitasema jambo ambalo si sifa kwangu.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilisoma, nikawa mwalimu wa fizikia, nikakaa Bukavu. Mdogo wangu alibaki mlimani akalitunza shamba pamoja na Mama, mpaka Mama naye akatuacha. Mwaka 2009 aliniandikia barua fupi: anataka kung'oa miti ya chai ya Baba na kuuza sehemu ile ya shamba, naye anaomba nikubali kwa kutia sahihi. Niliwaka hasira. Nilichukua karatasi usiku uleule, nikamjibu kurasa tatu. Niliandika kwamba anayeuza kazi ya mikono ya baba yake anamzika mara ya pili. Niliandika mengine mabaya zaidi, ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Asubuhi nikaipeleka barua kabla ya kunywa kitu.

Hakujibu. Miaka miwili ikapita bila neno. Mtoto wangu alipofunga ndoa, mdogo wangu hakuja. Wake alipobatizwa, mimi sikuitwa. Niliwaambia watu kwamba nalinda urithi wa Baba. Kumbe sikuwa nimeliona shamba lile kwa muda mrefu, wala sikumsaidia ndugu yangu kulima hata siku moja.

Katika miaka ile birika liliingia nyumbani mwetu. Mke wangu ni fundi wa kushona. Mama mmoja, mteja wake, alipohama mji alimwachia birika la udongo na kopo la chai ya majani mazima, tena akamfundisha namna ya kuitengeneza. Siku ya kwanza sikupendezwa. Nilitoka shuleni na kiu, nikanyosha mkono kumimina, mke wangu akafunika birika kwa kiganja chake. “Bado,” akasema, “dakika tano.” Nilinung'unika. Lakini nilipoinywa, niliona kwamba miaka hamsini nimekunywa sukari yenye rangi. Chai ile ilikuwa nyepesi, nyekundu, yenye uchungu mdogo unaoburudisha ulimi, na nyuma yake harufu niliyoijua bila kukumbuka nimeijua wapi.

Kwa kuwa ni mwalimu, nilitaka kujua sababu ya kila kitu. Nilichukua kipimajoto cha darasa, nikapima maji yanayochemka. Vitabu vyasema maji huchemka katika digrii 100. Ni kweli, lakini kando ya bahari. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu huchemka karibu na digrii 95. Hayapandi zaidi, hata ukiongeza makaa mpaka kesho. Maana yake sisi watu wa milimani hatuna moto wa kupoteza. Tukiyamwaga maji hayo katika birika la baridi, udongo unakula sehemu ya moto, na jani halifunguki vema. Ndiyo sababu yule mama alimfundisha mke wangu kulisuuza birika kwanza kwa maji ya moto. Hakujua fizikia, lakini mkono wake uliijua.

Basi, mwaka 2011, siku moja ya mvua, nikasikia “Hodi” mlangoni. Alikuwa mdogo wangu, amelowa, na karatasi zake zimefungwa katika mfuko wa nailoni. Hakuketi. “Yaya,” aliniambia, “sikuja kugombana. Nimekuja kwa sahihi tu.” Nami nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni, nilikuwa nimelihifadhi miaka miwili. Lakini ilikuwa saa kumi, na maji yalikuwa yanachemka. Mke wangu akamwambia: “Shemeji, mtu hatoki nyumbani mwangu na mvua hii bila kunywa kitu. Vua koti, keti.” Mila yetu mnaijua. Akaketi.

Mke wangu akasuuza birika, akatia vijiko vitatu vya majani, akamwaga maji, akafunika. Mdogo wangu akanyosha mkono, kama nilivyofanya mimi siku ile ya kwanza. “Bado, shemeji, dakika tano.” Akaenda zake jikoni kutafuta mkate, akatuacha wawili na birika katikati.

Wasomaji, jaribuni kukaa dakika tano na mtu ambaye hamsemezani. Ni muda mrefu. Huwezi kunywa, kwa maana chai bado. Huwezi kuondoka, kwa maana umekaribishwa. Huwezi kuanza ugomvi, kwa maana mama wa nyumba atarudi sasa hivi. Mimi nilitazama mvua. Yeye alitazama birika. Mvuke ukatoka katika mdomo wa birika, ukamfikia. Akainua uso, akasema polepole, kama mtu anayesema peke yake: “Ni koti la Baba.”

Ndiyo. Ilikuwa harufu ya koti la Baba. Mwaka mzima nilikuwa nikiinywa bila kuitambua, naye aliitambua kabla hajaionja.

Sikuweza kulitoa lile jibu langu. Badala yake nilimwuliza neno ambalo ningaliandika katika barua tangu mwaka 2009, tena lingalitosha peke yake: “Kwa nini wataka kuuza?” Akanieleza. Binti yake wa kwanza alikuwa amerudishwa kutoka shule ya sekondari mara tatu kwa sababu ya karo. Bei ya mihogo ilikuwa imeanguka. Alikuwa ameuza ng'ombe, kisha mbuzi. Mistari minne ya chai ya Baba ilikuwa imekuwa kichaka, nayo haimpi chakula wala faranga moja. “Sikutaka kumzika Baba mara ya pili,” akasema. Maneno yangu ya barua! Alikuwa ameyashika yote.

Mke wangu akarudi, akamimina. Tulikunywa bila kusema mengi. Nilimwomba radhi, vibaya, kwa maneno machache, kwa kuwa mtu aliyezoea kufundisha wengine hajui kusema “nilikosa”. Akanipa mkono. Siku ile sikutia sahihi, naye hakuidai.

Wazee wetu walisema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwetu ilitupasa kuchukua vyote viwili. Tulikubaliana hivi: mistari miwili ing'olewe, apande mihogo na maharagwe, mistari miwili ikatwe chini, ichipue. Na karo ya binti ikawa juu yangu, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Tulikata miti siku mbili, na viganja vyangu vya mwalimu vikatoka malengelenge. Kwa miezi ya kwanza tuliona visiki tu, nikadhani tumeviua. Kisha mvua zikaja, na machipukizi yakatoka mekundu, halafu ya kijani.

Tukajaribu kutengeneza chai kwa mikono. Mara ya kwanza ilitushinda: tuliikausha upesi juu ya moto mkali, ikanuka moshi, na watoto wakakimbia. Mara ya pili tulifanya kwa subira. Tulichuma kichipukizi na majani mawili, tukayatandaza juu ya mkeka ndani ya nyumba usiku mzima, mpaka bua liliweza kupindwa bila kuvunjika. Asubuhi tuliyafikicha kati ya viganja nusu saa hivi, mpaka utomvu ukanata mikononi na jani likajiviringa. Tukayafunika kwa kitambaa chenye majimaji saa mbili au tatu, tukaona rangi ya shaba na kusikia harufu ya tunda. Ndipo tulipoyakausha katika sufuria pana, juu ya makaa machache, tukiyageuza bila kuchoka, mpaka yakavunjika kwa kulia kati ya vidole. Chai hiyo haiwezi kushindana na ile ya kiwanda. Lakini mdogo wangu alichukua kikombe cha kwanza, akakiweka mezani mbele ya kiti kisicho na mtu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Pengine ninyi hamna miti ya chai. Si lazima. Chai ya majani inauzwa katika masoko ya Kivu, na kwa kilo huenda isiwapunguzie sana mfuko kuliko vikaratasi vile vya kutumbukiza, ambavyo kwa kawaida vina chembe ndogo na vumbi. Nitawaeleza desturi ya mke wangu, kama alivyoniruhusu.

Chukua maji mapya, usirudie yaliyochemka asubuhi. Yachemshe kweli, mpaka yafurukute. Hivyo pia unawalinda watoto na magonjwa ya maji. Suuza birika kwa maji ya moto, uyamwage. Tia kijiko kidogo kimoja cha majani kwa kila kikombe, yaani gramu mbili hivi. Mwaga maji yakiwa bado yanafurukuta, funika. Kwa majani mazima ngoja dakika nne au tano. Kwa chembe ndogo, dakika mbili au tatu zatosha. Usiyachemshe majani pamoja na maji kwa muda mrefu, usiyakamue, wala usiyaache humo saa nzima, kwa maana uchungu wote hutoka. Mimina kwa chujio. Onja kwanza bila sukari, halafu tia kidogo kuliko ulivyozoea. Mwenye maziwa ya ng'ombe atie kidogo. Mkitaka birika la pili, mwaga maji tena juu ya majani yaleyale na ngoja zaidi. Itakuwa nyepesi, lakini ni chai. Mabaki yape mboga za bustani.

Chai hunywa harufu ya majirani zake. Usiiweke karibu na sabuni, petroli wala ndagala. Iweke katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jua.

Tena nawapa maonyo mawili, maana gazeti la nyumba lazima lijali afya ya nyumba. La kwanza: msinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupokea chuma kilichomo katika maharagwe na sombe, na chuma ndicho kinachotia damu nguvu. Wamama wenye mimba na watoto wadogo ndio wanaopata hasara kubwa. Subirini saa moja baada ya kula. La pili: msijivunie kunywa chai inayounguza. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa walisema kwamba vinywaji vyenye moto wa kupita digrii 65 huenda vikaleta kansa ya koo la chakula. Basi acheni ipoe kidogo katika kikombe. Ni kungoja tena, lakini mmekwisha kuzoea.

Mtaniuliza: Je, birika ndilo lililowapatanisha? Hapana. Birika ni udongo. Mdogo wangu alikuja mwenyewe, katika mvua, ingawa yeye ndiye aliyetukanwa. Heshima ni yake. Lakini najijua. Kama siku ile tungalikunywa chai ya kuchota haraka katika chupa, tukiwa tumesimama, ningalimwaga jibu langu lote kabla kikombe hakijaisha, naye angalikwenda zake. Mimi ni mtu wa kujibu upesi. Watu wengi waliosoma ni hivyo. Dakika zile zilinizuia kusema mpaka nikakumbuka kuuliza.

Kwa hiyo, ninyi akina baba, msiseme kwamba birika ni mambo ya wanawake. Ninyi wanafunzi, msiwacheke wazazi wanaofunika birika kwa kiganja. Na kama yuko ndugu ambaye hamsemezani, msimwandikie kurasa tatu. Mkaribisheni saa kumi, mwekeni birika katikati, mfunike, mngoje.

Binti yule wa mdogo wangu alimaliza masomo. Leo ni mkunga, na kila akitutembelea huleta pakiti ndogo ya chai ya mistari miwili ya babu yake. Leo anakuja. Nasikia maji yanafurukuta jikoni, na mke wangu ananiita. Naacha kalamu.